Cheti cha Daktari na Moyo wa Mkimbiaji: Somo la Ufaransa Tunalolisoma Vibaya

Mpaka miaka michache iliyopita, mtu yeyote aliyetaka kukimbia mbio za mashindano nchini Ufaransa bila kuwa na leseni ya klabu, awe Mfaransa anayejiandikisha kwa kilomita 10 za mtaani kwake au Mtanzania aliyeweka akiba mwaka mzima aende Marathoni ya Paris, alipaswa kuonyesha cheti cha daktari ambacho hakijapitisha mwaka mmoja, kinachosema kwamba hana tatizo la kiafya la kumzuia kukimbia katika mashindano. Bila karatasi hiyo hakupewa namba ya kifuani, hata kama alikwisha kulipa ada, kukata tiketi ya ndege na kufika mlangoni. Mwaka 2024 utaratibu huo uliondolewa kwa watu wazima. Mahali pake Shirikisho la Riadha la Ufaransa limeweka mafunzo mafupi ya mtandaoni yanayojulikana kwa kifupi cha PPS: mkimbiaji anatazama video za dakika chache kuhusu hatari za kukimbia na tahadhari za kuchukua, anathibitisha kwamba ameelewa, kisha anapewa namba ya kuwasilisha kwa mwandaaji. Tangu Januari 2026 mafunzo hayo yanalipiwa euro 5, na uthibitisho wake unadumu mwaka mmoja.

Nimesikia habari hizo zikifasiriwa kwa namna mbili miongoni mwa wakimbiaji na waandaaji wa mbio katika Afrika Mashariki. Wapo wanaofurahi wakisema kwamba hata Wafaransa, wapenda karatasi, hatimaye wametambua kuwa cheti ni usumbufu mtupu, na kwa hiyo sisi ambao hatukuwahi kukidai tulikuwa sahihi siku zote. Wapo pia wanaosikitika wakisema kwamba Wafaransa wameuza uhai wa watu kwa bei ya urahisi, na kwamba wakati wao wanalegeza, sisi tunaopoteza watu katika mbio za hisani tunapaswa kukaza kwa kuanza kudai cheti. Naona makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja, kwa sababu yote yanaamini kwamba cheti kilichofutwa kilikuwa kipimo cha moyo. Hakikuwa. Kilikuwa hati ya kugawa lawama, na kuondoka kwake hakumpunguzii mwandaaji wajibu hata chembe. Wajibu wake mkubwa uko barabarani siku ya mbio, na huko ndiko sisi tuliko nyuma zaidi.

Tuanze na kile ambacho karatasi ile ilikuwa ikisema. Sharti la cheti lilipata nguvu katika sheria ya Ufaransa ya mwaka 1999 kuhusu afya ya wanamichezo na vita dhidi ya dawa za kusisimua misuli, kisha likaingizwa katika mkusanyo wa sheria za michezo. Kwa mkimbiaji wa kawaida, sheria ilidai maneno mahususi yaandikwe na daktari, lakini haikumwambia daktari huyo afanye vipimo gani kabla ya kuyaandika. Kipimo cha ECG, kile kinachochora mwendo wa umeme wa moyo, hakikuwa lazima, wala daktari hakulazimika kuwa na ujuzi wa magonjwa ya moyo au ya wanamichezo. Daktari yeyote aliyesajiliwa angeweza kutia saini. Matokeo yake ni kwamba cheti kilichotoka kwa daktari mwenye uangalifu, aliyeuliza habari za vifo vya ghafla katika ukoo, akapima presha na kusikiliza moyo kwa utulivu, kilikuwa na uzito uleule mbele ya mwandaaji kama cheti cha daktari aliyeandika huku akimtazama mgonjwa anayefuata. Mimi mwenyewe nilipohitaji cheti cha namna hiyo, nilikipata katika kliniki moja ya Dar es Salaam kwa muda usiozidi dakika tano. Niliulizwa kama najisikia vizuri, nikasema ndiyo, muhuri ukapigwa, na shati langu halikufunguliwa hata kifungo kimoja. Sikumlaumu daktari yule. Aliletewa karatasi ya Kifaransa inayotaka saini, naye akatoa saini.

Sheria ya Machi 2022 ya kuwafungulia watu wengi zaidi milango ya michezo ndiyo iliyowezesha mabadiliko tunayoyaona, baada ya hatua kadhaa za kulegeza zilizotangulia, ikiwamo ile ya watoto kujaziwa dodoso la afya na wazazi wao badala ya kupelekwa kwa daktari kila mwaka. Sababu zake hazikuwa za uvivu. Madaktari wa familia walikuwa wakitumia saa nyingi kuandika vyeti kwa watu wazima wenye afya, katika nchi ambayo maeneo mengi yana upungufu wa madaktari, huku waandaaji wakigeuka makarani wa kukagua saini, mihuri na tarehe, na baadhi ya wakimbiaji wakibadilisha tarehe ya cheti cha mwaka uliopita kwa kompyuta. Mwandaaji wa mbio za kijiji anayepokea vyeti elfu mbili hana namna ya kutofautisha cha kweli na cha kughushi, wala hana mahali salama pa kuhifadhi habari za afya za watu elfu mbili. Alichokuwa nacho ni bahasha ya kumwonyesha hakimu endapo jambo baya lingetokea.

Hapo ndipo wanaotetea cheti huitaja Italia, na hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Italia haikuishia kwenye saini. Tangu amri ya wizara ya mwaka 1982, mwanamichezo wa mashindano hupimwa kila mwaka na daktari aliyesomea tiba ya michezo, kwa mahojiano, uchunguzi wa mwili, ECG akiwa ametulia na nyingine baada ya kufanyishwa mazoezi, pamoja na vipimo vya mapafu na mkojo. Watafiti wa mkoa wa Veneto walichapisha mwaka 2006 matokeo ambayo hayajaacha kunukuliwa: vifo vya ghafla vya moyo miongoni mwa wanamichezo wa umri wa miaka 12 hadi 35 vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi 0.4 mwaka 2003 na 2004. Huo ni upungufu wa asilimia 89, na mtu asiyeguswa na takwimu kama hiyo hajali vijana. Hata hivyo utafiti ule ulilinganisha zama mbili za watu walewale, bila kundi la wanamichezo wasiopimwa la kuwekwa kando, na kiwango cha mwanzo kilichotumika kilikuwa cha juu kuliko kinachoonekana katika nchi nyingine nyingi. Israeli nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1997, ikadai ECG na kipimo cha mazoezi, na watafiti walipohesabu vifo kabla na baada ya sheria, ripoti yao ya mwaka 2011 ilionyesha 2.54 kwa kila 100,000 kabla na 2.66 baada. Yaani hapakuwa na mabadiliko yoyote ya maana. Hesabu za Israeli zilitegemea habari za magazeti, kwa hiyo nazo zina udhaifu wake. Msomaji mwadilifu atakubali kwamba mjadala wa Italia haujafungwa.

Lakini hata tukiwapa Waitalia ushindi kamili, ushindi huo hauhamii kwa Ufaransa. Kilichopunguza vifo Veneto, kama ndicho kilichopunguza, ni mfumo mzima uliojengwa kwa zaidi ya miaka ishirini: madaktari waliosomea fani hiyo, vituo vyenye vifaa, rufaa za vipimo vya juu kwa anayetiliwa shaka, na sheria inayomwajibisha daktari. Baada ya nahodha wa klabu ya kandanda ya Fiorentina, Davide Astori, kufariki usingizini mwaka 2018, daktari wa michezo aliyemthibitisha kuwa mzima alihukumiwa mahakamani. Cheti cha Italia ni mwisho wa safari ndefu ya uchunguzi. Cheti cha Ufaransa kwa mkimbiaji wa kawaida kilikuwa neno “mzima” lililopigwa muhuri. Anayetaka tuige cha pili kwa kutumia takwimu za cha kwanza anachanganya mambo mawili yanayofanana kwa jina tu.

Na kuna mpaka ambao hata uchunguzi bora hauwezi kuuvuka, nao unatokana na jinsi mioyo inavyoua. Kwa vijana, hatari kubwa ni magonjwa ya kuzaliwa nayo au ya kurithi, kama ule wa msuli wa moyo kunenepa kupita kiasi, na hayo ECG inaweza kuyagundua mara nyingi. Kwa watu waliovuka miaka 35, ambao ndio wengi katika mbio za barabarani, hatari kubwa ni mafuta yaliyojijenga ndani ya mishipa inayolisha moyo. Gamba dogo la mafuta hayo linaweza kupasuka katikati ya mbio na kuziba mshipa ambao wiki moja kabla ulikuwa ukipitisha damu vizuri, na ECG iliyochorwa mtu akiwa amelala kitandani haikuwa na cha kuonyesha. Ongeza hapo ugumu wa hesabu. Tuseme wakimbiaji 100,000 wanapimwa, mmoja kati yao ndiye moyo wake utasimama njiani, na kipimo kinakosea kwa watu watatu tu katika kila mia. Watu 3,000 wenye afya watatiliwa shaka, watatumwa kwenye vipimo vya gharama, wengine watazuiwa kufanya jambo lililokuwa likiwaongezea maisha, na bado hatuna hakika kwamba yule mmoja yumo kati yao. Mashabiki wa kandanda wanaikumbuka Juni 12, 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen katika mechi ya Denmark na Finland. Alikuwa mchezaji wa Inter, klabu ya Italia, yaani alitoka katika nchi yenye uchunguzi mkali kuliko karibu zote duniani, na uchunguzi haukumwona. Kilichomrudisha ni wachezaji wenzake kutambua mara moja kinachotokea, mikono iliyokandamiza kifua chake bila kuchelewa, na mashine ya kushtua moyo iliyokuwa hatua chache kutoka mahali alipolala.

Mfano wa mtu mmoja, hata awe maarufu, hautoshi kujenga hoja, kwa hiyo tutazame mamilioni. Nchini Marekani, ambako mbio kubwa kama za New York na Chicago hazidai cheti cha daktari, watafiti walikusanya habari za marathoni na nusu marathoni tangu mwaka 2000. Katika muongo wa kwanza, kati ya wakimbiaji milioni 10.9, mioyo ya watu 59 ilisimama na 42 wakafariki. Ripoti iliyofuata, iliyochapishwa mwaka 2025, ilihesabu wakimbiaji zaidi ya milioni 29 kati ya mwaka 2010 na 2023, na ikakuta matukio 176. Kiwango cha mioyo kusimama kilikuwa karibu kilekile, 0.54 kwa kila wakimbiaji 100,000 hapo kwanza na 0.60 baadaye. Kilichobadilika ni hatima ya walioanguka. Zamani asilimia 71 walikufa. Sasa ni asilimia 34. Hakuna cheti kilichoingizwa katikati ya vipindi hivyo viwili. Kilichoongezeka ni watu wanaojua kukandamiza kifua, mashine za kushtua moyo karibu na njia, na mipango ya dharura inayojua nani anakwenda wapi kwa dakika ngapi. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila mshtuo hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na ndiyo maana dakika tano zilizotumika barabarani zina thamani ambayo dakika tano za muhuri katika kliniki haziwezi kuifikia.

Pamoja na hayo, kuna hoja moja ya upande wa cheti ambayo mimi mwenyewe ilinisumbua kwa muda mrefu. Wanaoitoa husema kwamba thamani ya cheti haikuwa katika karatasi, ilikuwa katika safari ya kwenda kwa daktari. Mwanamume wa miaka 45 asiyekwenda hospitali mpaka abebwe, ambaye presha yake haijawahi kupimwa, analazimishwa na mbio kukaa mbele ya mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka. Kwa nchi zetu hoja hii ni nzito kuliko ilivyo kwa Ufaransa. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa katika maisha yao. Tanzania, katika utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2012, ilikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana tatizo hilo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kumpima mkimbiaji ni kupoteza muda. Kupima kuna maana kubwa. Ninachokataa ni kulifanya lango la kupimia kuwa karatasi inayonunuliwa, kwa sababu pindi cheti kinapokuwa sharti la kupata namba, lengo la anayekitafuta linageuka. Hamwendei tena daktari kujua hali yake; anamwendea kupata ruhusa, na mtu anayetafuta ruhusa haelezi maumivu ya kifua aliyoyasikia wiki iliyopita akipanda ngazi. Anayaficha. Karatasi inayomfundisha mgonjwa kumficha daktari ugonjwa wake imeuvunja msingi wa tiba yenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande wa pili, nayo nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu: kwamba Afrika Mashariki ni nchi za wakimbiaji, watu wetu wana mapafu ya milimani, kwa hiyo mambo ya Ulaya hayatuhusu. Ni kweli kwamba Iten na Eldoret, Arusha na Manyara zimetoa watu walioshangaza dunia. Lakini watu hao ni wachache, wanakimbia tangu utotoni, na wengi wao wana makocha na madaktari wanaowafuatilia. Wanaojaza barabara za Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Mombasa siku ya Jumapili ni maofisa wa benki, walimu, wafanyabiashara, madereva na wanasiasa, watu waliokaa kwenye kiti miaka kumi na tano kabla ya kujiunga na kikundi cha jogingi mwaka jana. Mshipa ulioziba kwa mafuta hauulizi kabila la mwenye mshipa. Tena mbio zetu nyingi ni za hisani, zinazouzwa kwa wito wa kuchangia vitanda vya wajawazito au matibabu ya watoto, na wito wa namna hiyo humfanya mtu ambaye hajafanya mazoezi aone aibu kubaki nyumbani. Anavaa fulana aliyopewa na mwajiri wake na kusimama kwenye mstari wa kilomita 21 kwa sababu idara nzima imesimama hapo. Mtu huyo ndiye tunayemzungumzia.

Sasa fikiria mtu huyo akiambiwa alete cheti. Mwajiri aliyelipia wafanyakazi mia mbili atatafuta daktari mmoja atakayetia saini mia mbili. Kliniki zitatangaza bei ya cheti cha mbio kama zinavyotangaza bei ya kupiga picha za pasipoti. Madaktari bingwa wa moyo ni wachache na wamejikusanya katika miji mikubwa. Foleni za Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ni za watu ambao tayari ni wagonjwa, na kuwaongezea maelfu ya watu wazima wanaotaka tu fulana na medali kungekuwa dhuluma kwa wagonjwa hao. Mkimbiaji wa kijijini, ambaye ada ya mbio yenyewe inamlemea, ndiye angezuiwa na gharama ya cheti, ilhali mwenye nacho angekinunua bila kuvua koti. Sheria tungekuwa nayo, kabati la mwandaaji lingejaa, na hakuna moyo hata mmoja ambao ungekuwa umesikilizwa.

Jirani zetu wa Afrika Kusini walijaribu njia nyingine, na nadhani tungeitazama hiyo kabla ya kutazama Paris. Katika mbio za Two Oceans za Cape Town, zenye umbali wa kilomita 56 na 21, timu ya madaktari ilianza mwaka 2012 kuwauliza wakimbiaji maswali ya afya mtandaoni wakati wa kujiandikisha. Majibu yaliwagawa watu kwa kiwango cha hatari. Aliyesema ana kisukari, ana presha, au aliwahi kupata maumivu ya kifua, alipokea ushauri unaohusu hali yake hasa, ikiwamo kumwona daktari kabla ya siku ya mbio. Hakuna aliyenyang’anywa namba. Walipolinganisha miaka minne ya kabla na minne ya baada, matukio yote yaliyohitaji tiba yalipungua kwa asilimia 29, na yale mazito ya kutishia uhai yakapungua kwa asilimia 64. Nimeuuliza utafiti wa Italia maswali kwa kulinganisha zama mbili, na haki inanitaka niuulize na huu maswali hayohayo: hali ya hewa ya miaka tofauti inaweza kuwa na mchango wake, na wakimbiaji wenyewe hubadilika. Lakini gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya vyeti, na inamweka mkimbiaji mahali ambapo hana sababu ya kudanganya, kwa kuwa jibu la kweli halimfungii mlango.

Mafunzo ya Ufaransa yanafuata wazo linalokaribiana na hilo, ingawa kwa udhaifu zaidi, kwa kuwa kila mtu anaonyeshwa video zilezile. Kilichomo si kigeni. Klabu ya madaktari wa moyo wa michezo ya Ufaransa imekuwa ikisambaza kwa miaka mingi kanuni kumi ambazo mtu yeyote anaweza kuzikariri: mwambie daktari ukisikia maumivu ya kifua, ukiishiwa pumzi isivyo kawaida, moyo ukienda mbio bila sababu au ukizimia wakati wa mazoezi au baada yake; pasha mwili na upooze kwa dakika kumi; usifanye mazoezi makali joto linapozidi nyuzi 30; usikimbie ukiwa na homa, wala katika siku nane zinazofuata mafua makali; usivute sigara saa moja kabla wala saa mbili baada ya mazoezi. Kanuni ya homa peke yake, ikitafsiriwa kwa Kiswahili kizuri na kutumwa kwa simu kwa kila aliyejiandikisha siku tatu kabla ya mbio, ina faida kuliko cheti cha miezi kumi iliyopita, kwa sababu cheti hakijui kwamba juzi ulikuwa kitandani na malaria.

Kuhusu zile euro 5, malalamiko ya wakimbiaji wa Ufaransa nayaelewa. Ujumbe wa kinga ukishawekewa bei huanza kuonekana kama ushuru, na mtu anayelipa ili atazame video huibofya haraka ili apate alicholipia. Wasiwasi wangu ni huo zaidi kuliko fedha yenyewe. Hata hivyo, anayesema kwamba ada hiyo ni uthibitisho kuwa mpango mzima ulikuwa hila ya kukusanya fedha anasahau kwamba cheti nacho kilikuwa na bei: mtu alimlipa daktari, na muda wa daktari haukurudi.

Kwetu sisi maana ya yote haya inaanza na saa. Mbio nyingi za Tanzania hutangazwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, na nyingi huanza saa moja au zaidi baadaye kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Katika mji wa pwani, saa hiyo moja inamtoa mkimbiaji wa mwisho wa kilomita 21 kwenye ubaridi wa alfajiri na kumweka kwenye jua la saa tatu na nusu, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Kumsubiri kiongozi huku watu elfu tano wamesimama ni uamuzi wa kitabibu, hata kama anayeufanya ni mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Waanze wakimbiaji kwa wakati, mgeni rasmi awakute wakimaliza, agawe medali.

Inafuata siku ya kuchukua namba, ambayo katika miji yetu hukusanya maelfu ya watu mahali pamoja kwa siku mbili au tatu. Hapo ndipo ningeweka meza za wauguzi wenye mashine za presha, bure, bila orodha na bila kumzuia mtu. Anayekutwa na presha ya 180 kwa 110 aketi, apimwe tena baada ya robo saa, na ikibaki hapo aambiwe kwa lugha ya upole kwamba kesho atembee kilomita 5 na Jumatatu aende hospitali. Hii ndiyo safari ya kwenda kwa daktari ambayo watetezi wa cheti waliitaka, isipokuwa hapa daktari ndiye amesafiri kumfuata mtu. Vikundi vya jogingi, ambavyo vinakutana kila wiki na ambavyo wanachama wake wanajuana kwa majina, vinaweza kufanya hivyo mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

Na mwisho kuna kibali. Mamlaka za michezo zinazoidhinisha mbio zina nafasi ya kuuliza maswali ambayo hakuna cheti cha mkimbiaji kinachoweza kuyajibu. Mashine za kushtua moyo ziko ngapi, na ziko kilomita ya ngapi? Ni watu wangapi kati ya wanaogawa maji wamefundishwa kukandamiza kifua? Barabara ikishafungwa kwa wakimbiaji, gari la wagonjwa linapita wapi, au ni pikipiki ndiyo itakayombeba muuguzi na mashine yake? Hospitali gani imearifiwa, na nani anashika simu? Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mioyo mingi husimama katika robo ya mwisho ya mbio, mtu anapoongeza kasi kwa kuwa amesikia kelele za uwanjani. Mwandaaji mwenye mashine tatu tu asizisambaze sawasawa kama chupa za maji. Katika mbio za kilomita 21, aziweke kuanzia kilomita ya 16, moja ikikaa pale mtu anapovuka mstari na kusimama ghafla, na karibu na kila moja awepo mtu aliyekwisha kuishika kwa mikono yake kabla ya siku hiyo.